Blanketi Lililotangulia Nyumbani

Ukitoka Kasongo kwa pikipiki kuelekea Kabambare, karibu na kuingia Wamaza, upande wa kushoto wa njia, liko kaburi lililozungushiwa mawe ya mtoni. Vijana wanaobeba abiria hupunguza mwendo hapo, kwa sababu njia imeliwa na mvua, na ukiwauliza ni kaburi la nani watakujibu bila kusita kwamba ni la Djafari, askari wa Kasongo, aliyekufa akitoka katika vita vya Wadachi.

Djafari hayumo humo. Nilimfahamu vizuri, maana nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa matete tu. Alizikwa Kasongo, katika makaburi ya Waislamu, mwaka uliofuata uhuru, na mimi, ingawa ni mtoto wa misheni, niliachiwa nishike mkono mmoja wa jeneza kwa sehemu ya njia, kwa ajili ya ujirani. Mtu huyu basi ana makaburi mawili, na lile lisilo lake ndilo linalojulikana. Nimeona niandike jinsi ilivyotokea, kama nilivyoisikia kwake mwenyewe alipokuwa mzee, na kama alivyonimalizia Bi Asma, mtoto wa ndugu yake, ambaye bado yu hai katika nyumba ileile, macho yamefifia lakini kumbukumbu imekaa mahali pake.

Djafari alikuwa kijana wa ukoo wa wafanyabiashara, wale ambao babu zao walikuja na misafara ya pembe. Alikuwa amemwoa Hawa karibuni tu, na harufu ya udi wa harusi haijatoka katika mapazia, Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, alipodai vijana kwa ajili ya vita dhidi ya Wadachi, Wajerumani waliotawala ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Chifu alitaja nyumba, nyumba zikatoa vijana. Kwa baba yake Djafari walikuwapo wana wawili, yeye na mdogo wake Iliasi ambaye alikuwa na kifua kibovu. Hapakuwa na jambo la kujadiliwa.

Askari wapya walipewa kila mmoja blanketi la kijivu, yote sawasawa. Hawa aliona kwamba katika umati kama ule mume wake angeibiwa siku ya kwanza, akachukua sindano na kushona pembeni ndege mdogo kwa uzi mwekundu. Uzi ulikwisha kabla ya mkia. Djafari alimtania kwamba ndege asiye na mkia hawezi kurudi, atapotea angani. Hawa alimjibu kwamba mkia ameubakiza kwake nyumbani, na ndege akiutaka ataufuata.

Walitembea. Aliponihadithia vita vile, Djafari hakusema sana juu ya risasi, alisema juu ya kutembea. Kutoka Kivu hadi Tabora, milima, kisha nyika isiyo na maji, na nyuma ya askari wapagazi kwa maelfu, ambao ndio waliokufa zaidi na ndio wasiotajwa. Mmoja wao alikuwa mvuvi wa Nyangwe aitwaye Ngongo, mtu mrefu, mcheshi, aliyelalamika kila siku kwamba katika nchi ile yote hakuna mto unaostahili kuitwa mto. Walisikilizana kwa kuwa walikuwa watu wa upande mmoja. Tabora ilipotekwa, Ngongo alikuwa amekwisha nguvu kwa kuhara damu, naye akaachiliwa arudi kwao pamoja na wapagazi wengine wasiofaa tena kwa kazi. Wangevushwa ziwa, na kutoka ng'ambo wangejitegemea kwa miguu, kwa njia ya zamani ya Kabambare.

Ilikuwa asubuhi ya baridi. Djafari alimwona Ngongo akitetemeka katika safu, kifua wazi, akavua blanketi lake mabegani akampa. Ngongo alishika ile pembe yenye ndege, akauliza mke wake atasema nini. Djafari alisema atamshonea jingine, lenye mkia. Hayo yote yalichukua muda mfupi kama wa kumpa mtu moto wa sigara, na Djafari aliniambia kwamba katika maisha yake hilo ndilo tendo jema pekee alilolifanya bila kufikiri.

Sasa lazima nieleze desturi moja, kwa kuwa vijana wa leo hawaijui, na bila hiyo habari hii haieleweki. Katika njia ile ya misafara, kuanzia ziwa hadi Lualaba, mtu akifia njiani, wenyeji wa kijiji cha karibu walimzika, lakini hawakumzika na nguo yake. Nguo, au blanketi, au hata mshipi, kilifungwa juu ya fimbo na kupelekwa kijiji kinachofuata, na hicho kikakipeleka mbele, sokoni, bandarini, popote watu wanapokutana, mpaka atokee mtu wa kukitambua. Hakuna aliyethubutu kukiiba. Na mtu wa kwao akikitambua, fimbo iliwekwa chini, safari ya kitu hicho ilikuwa imekwisha, na kilio kilianza palepale. Ilikuwa desturi ya huruma. Watu wa Bangubangu, watu wa Kasongo, wavuvi wa Nyangwe, wote waliishika, na kwa miaka mingi haikuwa imemdanganya mtu.

Ngongo alifia Wamaza, akiwa ameachwa nyuma na wenzake. Watu wa Wamaza walimzika mgeni huyo kando ya njia, wakafunga blanketi lake juu ya fimbo. Lilipita kijiji hadi kijiji, likafika soko la Kasongo siku ambayo Hawa alikwenda kununua chumvi.

Bi Asma anasema Hawa, mama yake, hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja, akaishika ile pembe, akampapasa ndege kwa kidole gumba mahali palipokosa mkia, na aliyebeba fimbo akaiweka chini.

Matanga yalifanyika katika nyumba ya baba yake Djafari. Dua ilisomwa, watu walikula, habari ikarudi Wamaza kwamba aliyezikwa kule ni Djafari, askari wa Kasongo, na Hawa alikaa eda. Alipotoka eda wazee walimwita Iliasi, wakamwambia kwamba mjane wa kaka yake asiachwe kurudi kwao kama mtu asiye na mwenyewe. Hawa aliomba jambo moja tu, wangoje kwanza. Alisema blanketi halina mdomo, na hakuna mtu aliyeuona uso. Mwalimu wa msikiti aliona maneno yake yana uzito, akashauri subira. Lakini wazee walisema kwamba nguo ya njiani haijawahi kusema uongo, na kwamba ndege yule ni kazi ya mkono wake mwenyewe, je, anakataa mkono wake? Hawa alitii. Aliolewa na Iliasi.

Wakati huo Djafari alikuwa hai, na alikuwa amebeba sanduku.

Kikosi chake kilipelekwa kusini, kuelekea Mahenge, na katika kichaka kimoja yeye na wenzake wachache walizingirwa na Wadachi wakakamatwa. Wadachi hawakuwa na chakula cha mateka, lakini walikuwa na mizigo. Djafari alipewa sanduku la bati la luteni mmoja aitwaye Ehlers, kijana mwembamba aliyekatika kidole cha shahada, aliyezungumza Kiswahili safi cha pwani. Ndani yake mlikuwa na viatu, mashati, na picha ya mwanamke katika fremu. Djafari alilibeba kichwani kiangazi kizima na mvua za kwanza, mpaka upande ule wa Wadachi uliposhindwa kula na kujisalimisha. Ehlers hakuwa mbaya. Hakumpiga. Hakumwuliza jina pia.

Siku ya kujisalimisha Djafari aliona jambo ambalo wakati ule hakulitia maanani. Maofisa wa Kidachi walipangwa, na karani wa Kizungu wa upande wa washindi akaketi kwenye meza, akaandika jina la kila mmoja na la mji wake, ili habari zipelekwe kwao. Djafari na wenzake walipewa mashati mapya wakaambiwa waifuate kampani yao. Hakuna aliyeuliza kwao ni wapi.

Alirudi Kasongo vita vilipokuwa vinakwisha. Alipita Wamaza bila kujua, akanywa maji pale, na watu walimsimulia, bila kutaja jina, habari za askari wa Kasongo aliyezikwa njiani. Alihuzunika kidogo, akaendelea na safari. Sokoni Kasongo, mwanamke aliyekuwa akiuza mihogo alimwona, akaacha mihogo yake akakimbia. Djafari alidhani ni sare ya askari iliyomtisha.

Alipofika nyumbani, aliyetoka mlangoni alikuwa Iliasi. Walitazamana. Iliasi alianza kukohoa, kama alivyokohoa siku zote alipokuwa na hofu, na nyuma yake Djafari alimwona Hawa, mja mzito, ameshika nguzo.

Mwalimu aliitwa, na wazee walewale. Mwalimu alieleza sheria kwa sauti ndogo: mume aliyedhaniwa kufa akirudi, neno ni lake. Akimtaka mke wake, amchukue, na mtoto atakuwa wa baba yake. Akimwacha, atamke talaka, Iliasi aoe upya kwa haki. Hawa aliwekwa nyuma ya pazia, kama ilivyopasa. Iliasi aliketi kwenye mkeka akitazama mikono yake. Wote walimngojea Djafari.

Aliniambia kwamba alitazama kile kifua kibovu kikipanda na kushuka. Alifikiri juu ya mtoto. Alifikiri kwamba mtu aliyekwisha kuliwa matanga akirudi na kudai vitu vyake ataishi miongoni mwa watu kama mzimu. Alitamka talaka. Kisha, kwa kuwa kimya kilikuwa kirefu mno na aliona haya kutoka mikono mitupu katika nyumba ya baba yake, alisema hivi:

“Munipatie tu blanketi yangu.”

Mkono ulitokea chini ya pazia, ukalisukuma. Alilichukua, akaenda zake. Juma lilelile alijiandikisha tena jeshini. Watu wa Kasongo walimsifu sana. Walisema hawajaona ndugu mwenye moyo kama huo, na sifa ile ilimfuata mpaka uzeeni, naye aliivaa kwa muda mrefu.

Jeshi lilikuwa nyumba pekee ambayo haikuwa imemlilia. Alikaa humo ujana wake wote na umri wake wa makamo. Alikuwa kaporali, baadaye sajenti, katika kambi za Kivu, za Kisangani, za Kasai. Aliwafundisha maluteni wengi wa Kibelgiji, wenye nyuso za watoto, jinsi ya kupanga walinzi na jinsi ya kulala porini bila kufa, na kila mmoja wao baada ya mwaka alipandishwa cheo na kumpa amri. Mtu mweusi hakuweza kupita sajenti. Hilo lilijulikana kama inavyojulikana kwamba mto unashuka. Alikuwa na wanawake kambini, wema na wasio wema, lakini hakuna aliyezaa naye. Na kila kambi, wakati wa kulala, alijifunika blanketi lile la kijivu ambalo lilikuwa limekuwa jepesi kama shashi, hata askari wake walimwita Baba Ndege.

Vita vya pili vilipokuja alikuwa na mvi. Alikwenda Habeshi, akaona tena wapagazi wakifa nyuma ya safu, safari hii kwa baridi ya milimani, na tena hawakutajwa. Baadaye kikosi chake kilipelekwa Misri, na huko, kwa muda fulani, alipewa kulinda mateka wa Kidachi, katika mchanga, nyuma ya waya.

Miongoni mwao alikuwapo kanali mmoja mzee aliyependa kutembea peke yake karibu na waya. Siku moja alinyoosha mkono kuomba moto, na Djafari aliona kwamba kidole cha shahada hakipo. Alimpa moto. Kanali alimtazama kutoka viatu hadi kofia.

“Wewe Mmanyema,” alisema kwa Kiswahili, Kiswahili kilekile cha pwani, kimeota kutu tu.

“Ndiyo, kanali.”

“Nilikuwa na Mmanyema mmoja zamani. Alibeba sanduku langu mpaka Mahenge.”

“Alipita Mahenge,” Djafari alisema. “Alilibeba mpaka siku ulipotoa bastola yako, ukaiweka mezani.”

Kanali alivuta sigara. Kisha alicheka kidogo, bila ubaya, kama mtu aliyekutana na mtumishi wa zamani wa nyumba iliyokwisha kuuzwa. Alitazama mikono ya shati la Djafari.

“Na bado sajenti?”

“Bado.”

Ehlers alikuwa luteni, akawa kapteni, akawa meja, na sasa kanali. Alishindwa katika vita vya kwanza akapanda, na hata katika hivi, ambavyo alikuwa ameshindwa tena, alitembea nyuma ya waya na nyota zake zote begani, na vijana wa Kiingereza walimpigia saluti. Djafari alishinda mara mbili. Waliyazungumza hayo bila kugombana, kama wazee wanavyozungumza juu ya mavuno. Ndipo Djafari, kwa adabu ya kwetu, alipomwuliza habari za mama wa nyumbani, yule wa picha.

“Yu mzima,” kanali alisema. “Ile mara ya kwanza alipata telegramu. Alijua niko hai kabla sijavua buti. Na mara hii pia, kwa Msalaba Mwekundu. Wako je?”

“Wangu alipata blanketi.”

Kanali alidhani ni msaada wa serikali.

“Lilikuwa zuri?” aliuliza.

“Lilikuwa na ndege,” Djafari alisema, akaondoka kwenda kukagua lango jingine.

Hapo ndipo uchungu ulipomwingia, aliniambia, katika mchanga ule, baada ya miaka yote hiyo. Hakumchukia kanali. Alihesabu tu kwamba adui aliyekamatwa, jina lake lilivuka bahari kwa siku chache, na yeye aliyebeba sanduku la adui huyo hakuwa na hata mtu wa kuliuliza jina lake, wala wa kusema kule Kasongo kwamba Djafari yu hai. Kwa neno moja katika telegramu Hawa angekuwa mke wake. Alirudi akiwa amejaa hasira ya neno hilo lisiloandikwa, na hasira ile ilimpa faraja, kwa sababu ilimwonyesha kwamba kosa lote lilikuwa la wengine.

Alipofika Kasongo alikuta Iliasi ameshakufa, kifua kimemshinda, na Hawa amekwisha kutoka eda. Asma, mtoto wa mwisho, alikuwa msichana mdogo. Wazee wapya, watoto wa wale wa zamani, walimjia wakiwa wamejaa furaha. Walisema Mungu amenyoosha mambo: mjane wa ndugu yake ni wake kwa desturi, na zaidi ya hayo alikuwa wake tangu mwanzo. Kilichotoka kwa desturi kimerudi kwa desturi. Djafari hakulala vizuri kwa matumaini. Walipopeleka habari kwa Hawa, yeye alijibu kwamba hataki kutumiwa wazee. Djafari aje mwenyewe, mchana, kwa miguu yake.

Alikwenda amevaa sare na medali zake. Pazia la zamani lilikuwa limetolewa. Hawa alikuwa ameketi akichambua mchele kwenye ungo, na Asma, aliyekuwa karibu naye, ndiye aliyenipa maneno haya.

“Karibu, shemeji,” Hawa alisema.

Djafari aliketi. Alizungumza juu ya safari, juu ya mvua, juu ya Iliasi ambaye Mungu amrehemu. Hawa aliendelea na mchele wake.

“Wazee wameniambia mambo,” alisema mwishowe.

“Mimi vilevile wameniambia. Sasa ni wewe uniambie.”

“Nimekuja kwa ajili ya ndugu yangu. Nyumba yake isibaki bila mutu. Na huyu mutoto iko mudogo.”

Hawa aliuweka ungo chini.

“Unaona? Hata leo haujasema.”

“Niseme nini?”

“Siku ile Mwalimu alisema neno ni lako. Wote walinyamaza. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na tumbo yangu, ninangoja useme Hawa. Ungesema tu Hawa, ningetoka na miguu mitupu, tumbo na yote. Ulisema blanketi.”

“Nilitaka kumuachia ndugu yangu nyumba yake.”

“Ulimuachia mimi, sawa mutu anaachia mwenzake kiti. Nikakaa. Iliasi alikuwa mume mwema, sitamusema vibaya, na alijua, masikini, kila siku alijua. Lakini mimi sirithiwi mara mbili.”

Djafari alimwambia basi juu ya kanali, na telegramu, na karani aliyeandika majina ya Wadachi peke yao. Alimwambia kwamba waliibiwa wote wawili na Bula Matari. Hawa alimsikiliza mpaka mwisho, naye alikubali.

“Bula Matari alituibia mara moja,” alisema. “Siku uliyorudi haikuwa yeye aliyeulizwa.”

Kisha aliuliza blanketi liko wapi. Djafari alisema limo katika sanduku lake, hajawahi kuachana nalo. Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayeonyesha dhamana yake.

“Na hata hiyo haikuwa yako. Ulishaitoa kwa mutu. Yule wa Wamaza iko na kwao, shemeji. Nguo yake ilikuwa njiani inakwenda kwao, mimi kwa ujinga wangu nikaisimamisha hapa. Wewe ulijua ni ya nani. Mwanamuke wake alilia lini?”

Djafari alinyanyuka. Bi Asma anakumbuka medali zikigongana alipokuwa akiinama kupita mlangoni.

Alikwenda Nyangwe kwa baiskeli, blanketi limefungwa nyuma. Alichukua fimbo pia, akalifunga blanketi juu yake alipokaribia, maana alijua desturi. Mahali pa kufungia mitumbwi aliulizia nyumba ya Ngongo, mvuvi wa zamani aliyekwenda vita vya kwanza, na watu walimwonyesha mwanamke mzee aliyekuwa akikausha samaki kwa moshi. Jina lake Aicha. Alikuwa mke wa Ngongo, na alikuwa bado mke wa Ngongo. Wachumba walikuja katika ujana wake, lakini ukoo wake uliwarudisha wote kwa neno moja: hakuna nguo iliyofika, basi mume wake yu hai. Yeye mwenyewe aliamini hivyo. Ukutani palisimama kasia la mumewe, ambalo alilipaka mawese kila kiangazi lisipasuke, ili akirudi alikute tayari kwa maji.

Djafari aliweka fimbo chini. Alimwambia kila kitu: ile asubuhi ya baridi Tabora, kuhara damu, Wamaza, na jinsi Ngongo alivyoisema vibaya nchi isiyo na mto. Aicha alitabasamu kidogo hapo, kwa kuwa alimtambua mumewe katika neno hilo. Alilishika blanketi, akalinyoosha juu ya magoti, akaona lilivyochakaa.

“Ilikuwa wapi siku zote hizi?” aliuliza.

Djafari angeweza kutaja vita. Angeweza kutaja Kivu na Kasai na Habeshi.

“Nilikuwa ninajifunika,” alisema.

Aicha hakumtukana. Alisimama, akalitoa kasia ukutani, akalisukuma ndani ya moto chini ya samaki wake. Mti uliolishwa mafuta kwa miaka mingi hushika moto upesi. Majirani waliona mwali, wakaja, wakaona fimbo chini, wakaelewa, na kilio cha Ngongo kilianza. Djafari alikaa nje penye jua mpaka jioni ilipokaribia. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyempa maji.

Baada ya hapo alikwenda Wamaza kuwaeleza kwamba aliyelala kwao si Djafari, kwa kuwa Djafari ndiye huyu anayezungumza nao. Wazee wa Wamaza walimsikiliza kwa heshima, wakamwangalia vizuri, wakasema watalirekebisha jina. Hawakulirekebisha. Walikuwa wamekwisha kuwapa watoto wao wawili watatu jina la Djafari kwa heshima ya marehemu, na mtu hawezi kubadilishiwa jina kwa sababu ya mgeni aliyepita na baiskeli. Yeye ndiye aliyepanga yale mawe ya mtoni, na kila baada ya mvua alikwenda kung'oa majani, mpaka magoti yalipokataa. Wapita njia walimwona mzee wa sare iliyofifia akilima kaburi lake mwenyewe, kama walivyodhani, wakampita mbali.

Huko Kasongo Djafari aliishi ng'ambo ya ua wetu, peke yake. Kila mwezi wa Ramadhani Hawa alimtumia Asma na sahani iliyofunikwa, na salamu zilikuwa zilezile, “Mama anasema karibu, Baba Mkubwa,” naye aliosha sahani vizuri na kuirudisha. Wakati wa uhuru askari waliasi, maofisa wa Kizungu wakaondoka, na katika majuma machache masajenti wakawa makapteni na makanali. Vijana walikuja kumpa habari hizo wakidhani atafurahi. Alikuwa kitandani. Aliuliza tu kama siku hizi askari akikamatwa kwao wanaambiwa. Vijana walisema hawajui.

Alipokufa, wanawake wa mtaa walimwendea Hawa kwa upole wakamwambia kwamba, kwa mambo yote yaliyopita, hakuna atakayemcheka akimkalia marehemu kama mjane. Ingempendeza Mungu na watu. Hawa alikuwa na sufuria ya wali motoni, kwa ajili ya waombolezaji.

“Eda yake nilishaikaa,” alisema. “Nilimulia akiwa muzima. Machozi ingine nitaitoa wapi?”

Walisema ana moyo mgumu, na wapo wanaosema hivyo hadi leo. Aliwapakulia watu chakula mpaka wote wakashiba. Mtu mmoja aliyetoka mbali alimwuliza marehemu alikuwa nani wake, na Bi Asma, aliyekuwa ameshika sahani kando ya mama yake, alimsikia akijibu, shemeji yangu, kisha akageuka kuongeza kuni.